Unga wa Mtama Ndani ya Mashini ya Kahawa

Mume wangu alipotaka tununue mashini ya kusagia kahawa, hakuwa akinywa kahawa. Kwetu hakuna aliyeinywa. Baba yangu mzazi alipalilia kahawa ya mzungu kule Miti mpaka mgongo ukapinda, na ladha yake hakuijua. Lakini mume wangu alikuwa karani, na makarani wa Bukavu miaka ile walikuwa na ugonjwa mmoja: kadi.

Aliyepata kadi hiyo ya serikali ya wazungu alihesabiwa kuwa amestaarabika. Wengine waliitaka wajivunie. Wangu aliitaka kwa sababu mwenye kadi hachapwi. Kabla hatujaoana, alilazwa chini mbele ya makarani wenzake akachapwa fimbo kwa ajili ya faili iliyopotea, na faili yenyewe ikaja kuonekana mezani kwa mzungu. Makovu ya mgongoni mwake niliyajua kwa vidole. Hatukuyazungumza hata siku moja.

Kadi haikutolewa bure bure. Komisyo ya wakaguzi ilikuja mpaka nyumbani, ikatazama mashuka, uma, choo, ikamhoji mke. Karani mmoja alimnong'oneza mume wangu kwamba mzungu akiona mashini ya kahawa kwa mtu mweusi, moyo wake unalainika. Basi Jumamosi moja tukaenda dukani, mtoto wetu mgongoni kwangu.

Zilikuwa mbili. Moja ni ya kupigilia ukutani, nyeupe kama sahani, na chini yake kuna bilauri inayopokea unga, kila kitu kinaonekana. Ya pili ni kisanduku cha mbao chenye mkono wa chuma juu na mtoto wa meza mdogo chini. Hiyo unaibana kwa magoti ukisaga. Mume wangu aliipenda ya ukutani, mgeni aione toka mlangoni. Nikamwambia ukuta wa nyumba yetu ya Kadutu haushiki hata msumari wa kalenda. Nilisema kweli, lakini pia nilikipenda kile kisanduku kinachofunga mdomo wake. Akanisikiliza. Mpaka leo najuta kwamba alinisikiliza.

Tukaiweka juu ya kabati, juu ya kitambaa nilichofuma mwenyewe. Kahawa kidogo iliyokaangwa tuliificha koponi, ya komisyo peke yake. Kila asubuhi kabla ya kazi mume wangu aliipangusa mashini yake kwa leso. Nilimtania kwamba siku hizi nina mke mwenza. Hakucheka.

Mama mkwe alikuwa akikaa nasi. Alitoka kijijini Nyantende nilipojifungua, akabaki. Meno yalikuwa yamemwisha, chakula chake ni uji wa mtama, na mtama aliusaga juu ya jiwe lake alilolileta kwa kichwa chake mwenyewe. Jumapili moja tulipotoka misa, mume wangu akasimama mbele ya lile jiwe.

"Maman, hii jiwe itoke hapa mu lupango, mu kiwanja yetu. Komisyo ikiiona, itasema tungali mu kijiji."

"Na miye nitakula nini?"

"Utakula mukate."

Mkate! Mtu asiye na jino hata moja! Akalibeba lile jiwe, akaenda kulitupa bondeni, na suruali yake ya Jumapili ikachafuka matope.  Siku mbili mama mkwe alichovya mkate katika chai, akauacha nusu. Siku ya tatu nilishindwa kuvumilia. Mume wangu alipokwenda kazini niliishusha mashini, nikaibana kwa magoti, nikaimiminia mtama.

Ilisaga vizuri, vizuri kuliko jiwe. Mama mkwe akaweka mkono mdomoni akacheka, mara ya kwanza tangu jiwe litoke. Tukawa tunafanya hivyo kila asubuhi, kisha nasafisha kwa unyoya wa kuku.

Komisyo walisema watakuja Jumatano. Wakaja Jumanne, mvua inanyesha, mtoto analia, na unga wa mtama sijautoa mashinini. Mume wangu, waliyemchukua kazini, aliingia wa kwanza, anatoka jasho. Nyuma yake mzungu, kisha karani mweusi mwenye kadi yake tayari, ameshika karatasi. Mzungu alikwenda kabatini moja kwa moja.

"Munakunywa kahawa hapa?"

"Kila asubuhi, Bwana," akasema mume wangu.

Mzungu akavuta ule mtoto wa meza. Akachota unga mwekundu kwa vidole viwili, akaunusa, akacheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Nani aliweka hii?"

Mume wangu akanitazama. Sijawahi kuona macho kama yale, na niliogopa.

"Ni ule mama," nikasema. Hata "mama yetu" sikusema. Nilimwonyesha kwa kidevu, amesimama kwenye mlango wa jikoni na kikombe chake cha uji.

Alinitazama kidogo tu. "Ndiyo, ni miye," akasema. "Niko muzee, sijue hii vintu ya bazungu."

Karani akaandika. Jibu lilipokuja, lilisema nyumba ni safi, lakini desturi za kijiji bado zinaishika, angoje. Mume wangu alilisoma akiwa amesimama. Jumamosi akampandisha mama yake kwenye kamyo, lori la kwenda Nyantende.  Mimi nilimpokeza mzigo wake, nikarudi ndani.

Komisyo ikarudi mwaka uliofuata. Nilisaga kahawa mbele yao, mzungu akanywa akaomba kikombe cha pili. Kadi ikatoka. Nilifurahi, sifichi, nilifurahi kwa ajili ya ule mgongo uliochapwa fimbo. Mume wangu akaanza kunywa kahawa kila asubuhi, na ni mimi niliyemsagia, nimeibana mashini kwa magoti.

Siku moja, yeye yuko kazini, nilipanda kamyo nikaenda Nyantende. Nilimkuta mama mkwe anasaga mtama juu ya jiwe la kuazima. Nikapiga magoti, nikamwomba msamaha. Aliendelea kusaga kwa muda mrefu.

"Nilijua utamwambia kweli nyuma, hasira yake ikiisha," akasema. "Njo maana nilikubali. Kamyo ikisimama hapa, ninatoka kuangalia kama ni mutoto wangu anakuja kunirudisha." Akapangusa mikono. "Ulimwambia?"

"Bado, Maman."

 Alinifungia unga katika kitambaa, wa uji wa mjukuu wake. Jioni mume wangu aliuona mezani, akauonja kwa ncha ya kidole, akaniuliza umetoka wapi.

Nikamwambia nimeununua sokoni.