Elektrodi Iliyolazwa Kavu

Meneja aliponipa kalamu niandike kwenye daftari la zamu kwamba feni ilikuwa ikizunguka, nilimrudishia. Katana, mwenzangu wa zamu, alikuwa amekaa nje kwenye ngazi, kitambaa cha maji usoni, nyusi hana.

"Andika, Mama Rukia, tumalize," akasema Meneja.

Nikamwambia siandiki. Miaka minne nimemwitikia abee. Siku hiyo abee ziliniishia.

Nawaandikia nyinyi wasichana mtakaoshika kazi hii, mjue inavyofanywa, na inavyoharibiwa.

Niliingia kiwandani Changamwe na cheti cha fomu four, Rukia nimemwacha kwa jirani, ana miezi mitano. Siku ya kwanza Mkemia Mkuu, mama wa sauti ya chini, alinipa gilasi za kuosha. Baadaye akaziinua dirishani. "Ukiacha tone la maji ya mfereji humu, mwanangu, utakuwa unapima mfereji." Nikaziosha tena zote. Niliosha miezi sita ndipo nikapelekwa meza ya vipimo, kisha chumba cha seli.

Seli ni chombo cha methanoli, aina ya spiriti, yenye malighafi ndani na chumvi kidogo ili umeme upite, na ndani yake mna elektrodi mbili. Ile ya anodi huinyang'anya malighafi elektroni zake, na malighafi ikishanyang'anywa hugeuka kitu kingine. Sisi tulipata manukato ya kutia kwenye sabuni, yananukia kama mbegu za shamari. Upande wa kathodi hutoka viputo vya haidrojeni, gesi isiyo na harufu inayolipuka kwa cheche moja. Ndiyo maana ya feni.

Kuna elektrodi ya tatu. Hii haigeuzi chochote. Ni waya wa fedha ndani ya kijibomba cha kioo chenye maji yake, kazi yake kutuambia volti za kweli pale kwenye anodi. Kitabuni ni elektrodi ya kulinganishia; Mkemia Mkuu aliiita shahidi. Malighafi ikiwapo, volti hutulia. Ikikaribia kwisha, hupanda, na hapo unazima, ama sivyo umeme unaanza kuila methanoli yenyewe na seli inachemka. Ncha ya shahidi haikauki hata siku moja. Ikikauka, anasema uongo.

Tulimpima kila Jumatatu. Unatia kwenye gilasi ndogo unga ambao tabia yake inajulikana, unapandisha volti polepole, unazirudisha. Mashine inachora mstari wenye nundu juu na nundu chini, mfano wa bata anayeogelea. Bata akihama mahali pake, shahidi ameharibika.

Mkemia Mkuu alipostaafu, chumba cha seli akakishika Meneja mwenyewe. Akaamuru shahidi atolewe kila mwisho wa zamu, apanguswe, alazwe kwenye droo asivunjike. Jumatatu iliyofuata bata alikuwa amehama. Nikampelekea mchoro.

"Bata?" Akacheka, watu wanatazama. "Mama Rukia, hapa tunatengeneza manukato, hatufugi."

Siku hiyohiyo feni ikafa. Akasema tufungue dirisha. Dirisha lenyewe linatazama ukuta.

Wallahi, tangu hapo sikuwa na raha. Kula nilikuwa sili. Nikisikia lori linapiga breki barabarani, nachungulia nje. Asubuhi moja nilimwonyesha jirani ilipo kadi ya kliniki ya Rukia, na namba ya mamangu. "Kwani unasafiri?" akaniuliza. Nikasema la.

Alhamisi baada ya chakula nilishika ubavu wa seli, nikautoa mkono haraka. Nikafanya hesabu aliyonifunza Mkemia Mkuu: ampea mara muda, ndizo elektroni zilizopita. Hesabu ikasema malighafi imekwisha tangu saa sita. Shahidi anasema bado.

"Namba inasema bado," akasema Meneja mlangoni. "Endeleeni." Akaenda zake.

Katana akanitazama. "Dada, toka. Wewe una mtoto. Nazima mimi."

"Nawe je, huna?"

"Wangu wakubwa. Toka basi, usinichoshe."

Nilitoka. Swichi ilipotoa cheche, kifuniko cha seli kilipaa hadi darini.

Kisha ndiyo ile kalamu. Nyumbani Rukia aliponikumbatia akasema leo sinukii shamari, nanukia nywele zilizoungua. Niliketi pale pale nikaandika barua hii, na asubuhi nikaipeleka kwa afisa wa usalama kazini, ikapigwa muhuri mbele yangu:

*Mimi, mfanyakazi wa chumba cha seli, nalalamika kwamba tuliendeshwa bila feni kwa siku nne, huku elektrodi ya kulinganishia ikiwa imekaushwa kwa amri ya Meneja. Nilimjulisha Jumatatu kwa mchoro na akaupuuza. Alhamisi kulitokea mlipuko uliomuunguza Katana uso. Jicho la kulia halijafunguka. Meneja alinitaka niandike kwamba feni ilikuwa ikifanya kazi. Nilikataa. Nimeambatanisha michoro miwili, wa kabla ya elektrodi kukaushwa na wa baada. Naomba chumba kifungwe leo, kwa kuwa zamu inaanza saa nne na kuna mtu mwingine ameshawekwa mahali pa Katana. Naomba pia iandikwe kwamba nilijua, na kwamba nilitoka mlangoni kabla yake.*