Majani kwa Mulango ya Surua

Siku yangu ya kwanza ya kazi, Infirmier Titulaire, muuguzi mukubwa wa centre de santé yetu, kituo cha afya cha Shari, alinipa blouse, koti nyeupe ya kazi yenye kutosha watu watatu. Nilikuwa nimetoka kupata diplome ya uuguzi, masomo ya Wazungu. Nilijiona muganga wa Ituri nzima, na kipande cha Uganda.

"Kuko mutoto wa surua kule chini," akasema. "Enda umuangalie. Usiguse kitu."

Nikagusa.

Kwa mulango ya nyumba ile kulikuwa matawi ya mululuza, majani machungu yenye kuweza kuliza ng'ombe. Aliyeyaweka ni Mama Furaha, muganga wa majani. Kazi yake ilikuwa hivi: anayachemsha, anamuosha mutoto, anatundika mengine kwa mulango kama alama, na mpaka ngozi ibambuke hakuna mutu wa inje anayeingia. Nikaona ni ujinga. Nikatupa matawi kando, nikaingia, na watoto sita wa majirani nyuma yangu, kuangalia blouse.

"Weye mutu ya masomo!" Mama Furaha akalia. "Umefungulia surua mulango!"

Nilitaka kumujibu kwa Kifaransa, lakini nikamuona mutoto, Neema. Macho yameingia ndani, midomo imekauka, analia bila machozi. Alihitaji sérum, yale maji ya kupitisha kwa mushipa, na ilikuwa ku hôpital, ngambo ya barrière, kizuizi cha wenye bunduki barabarani. Wakati ule bunduki zilikuwa zimenyamaza, hazikuwa zimelala. Watu wa upande wetu hawakupita pale.

"Tukimutoa inje, atakufa," mama yake akasema.

"Akibaki, hatafika jioni," nikasema.

Mama Furaha akaokota matawi niliyotupa, akayafunga juu ya kitambaa chenye kumubeba mutoto mugongoni mwa mama yake. "Basi mulango iende naye."

Kwa barrière kijana mwenye bunduki akatusimamisha. "Munatoka wapi? Siye hatuwajue!" Moyo wangu ulipiga mpaka nikazani watu wa Aru, mbali kule, wanausikia. Akaona majani. Akarudi nyuma.

"Ni surua?"

"Ni surua, chef."

"Mupite! Mupite mbio! Niko na batoto ku nyumba!"

Neema akapona. Sérum ndiyo ilimuokoa; majani yalimufikisha. Lakini kati ya wale watoto sita, wane walishikwa na surua. Titulaire hakunipigia kelele. Alinituma kila asubuhi, nyumba kwa nyumba, kuwanywesha maji na kuomba mama zao masamaha.

"Majani haiue surua," akaniambia. "Lakini ilijua kitu chenye diplome yako haikujua."

Wote wane waliishi. Miye nilizeeka miaka makumi mbili. Na Titulaire akatundika mululuza kwa mulango ya chumba chetu cha surua.

Siku yangu ya kuacha kazi kwa uzee, kuingia pension, nilipita kuaga. Matawi kwa mulango ile yalikuwa mabichi; kulikuwa mutoto wa surua ndani.

"Papa, ingia basi tukuage!" infirmière akaniita toka ndani.

"Uniage toka hapo hapo, mwanangu," nikasema. Nikabaki inje.