Mbuzi wa Mama Mkwe Juu ya Kinga

Baba wa msichana niliyempenda alikuwa na sharti moja. Mbuzi wa mama wa bibi arusi atoke kwetu Kasongo, afike kwao Kabambare akiwa hai, na asimame uani kwa miguu yake mwenyewe. Ndiyo ilikuwa desturi ya ukoo wao, na mpaka mzee atamke kwamba amempokea mbuzi, bwana arusi naye haketi. Mbuzi akifia njiani, posa imekufa naye.

"Watu wa Kasongo muko laini," aliniambia. "Tutaona."

Maneno hayo yalinichoma. Wengine waliswaga mbuzi wao kwa miguu, lakini mimi nilikuwa mbeba magunia kwenye ghala la pamba la Wazungu, na kapita wetu, msimamizi wa kazi, alinipa ruhusa fupi, isiyomtosha mtu kutembea kwenda na kurudi. Basi nikaazima kinga ya kaka yangu, ndivyo tulivyoita baiskeli, nikamfunga mbuzi ndani ya kapu nyuma yangu, kichwa nje. Soko zima lilicheka. Nikacheka nao, nikaondoka.

Kicheko kiliishia kwenye vilima. Barabara ile baba zetu waliilima kwa viboko, na hakuna aliyewauliza kama mtu ataweza kuipanda. Niliisukuma kinga kuliko nilivyoiendesha. Mapaja yaliwaka moto, viganja vikatoka malengelenge, na kila jiwe mbuzi alinililia sikioni. Nilimtukana. Nikamtukana na baba mkwe, kwa sauti kubwa, maana porini hakuna wa kunishitaki. Halafu nikalia. Sikuona aibu, nililia huku nasukuma.

Kabla ya kufika Wamaza mpira wa ndani ulipasuka vibaya, haukuzibika tena. Kwetu dawa yake inajulikana: unakata majani, unayashindilia ndani ya tairi mpaka likaze. Nikamshusha mbuzi apumzike, nikakata lundo zuri, nikaenda kijitoni kunywa maji. Niliporudi, mbuzi alikuwa amekula tairi langu. Nilikaa chini nikacheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikakata majani mengine, magumu, ambayo hata yeye aliyanusa akageuza uso.

Pale Wamaza mama mmoja aliyekuwa akichoma mihogo kando ya barabara aliitazama miguu yangu iliyovimba.

"Weye iko mugonjwa, mwanangu. Acha huyu mbuzi hapa, enda weye tu. Watakuhurumia."

"Hapana, mama. Miye sitaki huruma yao. Nataka binti yao."

Alicheka, akanipa muhogo, kipande changu na kipande cha mbuzi.

Nilifika Kabambare tairi likitema majani. Nikamshusha mbuzi uani, na kwa kuwa miguu yake ilikuwa imekufa ganzi kapuni, akaanguka puu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nilipiga magoti mbele ya ukoo mzima, nikamsugua miguu mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyenisaidia.

"Simama, weye," nilimnong'oneza. "Waonyeshe."

Akayumba, akasimama, akaenda moja kwa moja kutafuna mboga za mama mkwe. Mama mkwe mwenyewe akapiga vigelegele.

Lakini mzee hakusema kwamba amepokea. Alianza hotuba. Alitaja babu zake wote, akaitazama miguu yangu iliyovimba, akarudia babu zake tangu mwanzo. Nikaelewa. Mbuzi alikuwa ameshamshinda, sasa alitaka nianguke mimi. Nikashika usukani wa kinga kwa mikono miwili, nikamkazia macho.

Ndipo msichana akatoka ndani kabla ya kuitwa, jambo ambalo kwao halifanyiki. Alikuwa amenibebea kigoda. Nikatikisa kichwa, maana nikiketi nimeshindwa. Hakubishana nami. Aliweka kigoda pembeni, akaja akasimama ubavuni mwangu, akashika usukani upande wa pili.

"Endelea kusema, baba," alisema. "Sisi wawili tuko tunasikia."

Mzee alimtazama binti yake, akaitazama miguu yetu, sasa ilikuwa minne. Akampokea mbuzi.