Dakika Mbili za Aron Shemweta

Wapo watu Lushoto wanaosema Aron Shemweta alishindwa ile mara ya kwanza kwa sababu ya uzee. Si kweli. Mkewe Eliza alikuwapo ukumbini, na anajua kosa lilikuwa la nani.

Aron alikuwa seremala. Alifikisha miaka arobaini na mitatu bila kuujua mchezo wa sataranji, hadi shule moja ilipomletea seti iliyopotelewa na farasi wawili, awachonge wengine.

"Nitamchongaje farasi nisiyejua anavyokwenda?" akauliza.

Mwalimu akamwonyesha. Farasi walichukua siku mbili. Mchezo ukamchukua mwenyewe.

Eliza hakupendezwa. Yeye ni mwalimu, binti wa Mzee Sefania wa Mlola, na kwao mwanamume aliyeinamia kete mchana alihesabiwa mvivu. Jirani yao Secilia naye hakukosa la kusema.

"Mama Beatha, mzee bado anacheza na vinyago?"

"Anacheza na kichwa, Secilia. Wengine hawana cha kuchezea."

Miaka kumi na minne ikapita: asubuhi randa, jioni vitabu, mashindano Tanga, Nairobi, Lusaka. Kisha mashindano yakaletwa Lushoto, katika ukumbi wa kanisa, na Aron akabakiza ushindi mmoja tu awe bingwa mkuu, hadhi ya juu kabisa katika mchezo huo. Hapo Eliza akampigia baba yake simu: njoo uone kama mkweo ni mvivu.

Hakumwambia habari ya ukimya, wala ya saa. Kila mchezaji ana muda wake. Ukimwishia, ameshindwa hata kama anaongoza. Aron alikuwa na dakika mbili, na mfalme wa mgeni kutoka Zambia alikwisha kubanwa pembeni, Mzee Sefania alipoingia na fimbo yake, akaja kusimama mezani kabisa.

Mkwe haketi baba mkwe akiwa amesimama. Aron aliinuka, akavua kofia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo? Watoto? Mama yako, mguu umepona?"

"Umepona, baba. Mvua imenyesha Mlola?"

"Imenyesha, ila maharage yangu yana wadudu, tena wadudu wenyewe..."

Mwamuzi alikunja uso, lakini hakuthubutu kumgusa mzee. Eliza naye hajawahi kumkatiza baba yake maishani. Muda ukaisha maharage hayajaisha.

Njiani alishindwa kumtazama mumewe. "Baba Beatha, mimi ndiye niliyemwita. Lakini kwa nini usimwashirie tu?"

"Ubingwa una mwaka mwingine," Aron akasema. "Mzee wa miaka themanini na minne, nimwaibishe mbele ya wageni, halafu aibu hiyo nimvue lini?"

Jumapili Eliza alipanda Mlola kumweleza baba yake. "Kumbe nimemlia mtu dakika zake," mzee akasema.

Mwaka uliofuata alifika ukumbini alfajiri, mlango haujafunguliwa. Aron alipokuja wakasalimiana nje, taratibu, watoto, mvua, mpaka ng'ombe wa mwisho. Kisha mzee akaketi mstari wa mbele, akafumba mdomo saa nne nzima.

Aron alipomfunga mfalme wa mpinzani wake, ukumbi mzima ulilipuka kwa makofi. Mzee Sefania hakupiga. Alimwinamia binti yake, akanong'ona:

"Sasa ruhusa kusema?"