Jina Kwanza, Chuma Baadaye

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa chuma. Nilipewa ndoo, brashi na kipande cha sabuni, nikaambiwa jukwaa ling'ae kabla ya saa mbili. Jukwaa lenyewe lilikuwa mbao nene zilizopigiliwa katikati ya ghorofa ya kiwanda cha zamani, mle ambamo majani ya chai yalikuwa yakitandazwa yanyauke kabla ya kusagwa. Kampuni ilikuwa imejenga kiwanda kipya, na ghorofa ile ikawa ukumbi wa kunyanyua vyuma. Miaka yote ilinukia chai mbichi. Mpaka leo harufu hiyo ikinipata barabarani hapa Kericho, mabega huanza kuniuma.

Nilipomaliza kusugua akatokea mtu mfupi, mpana, mwenye shingo kama kisiki. Huyo alikuwa Mkufunzi Mkuu, Mwalimu Han, Mkorea aliyeletwa kuwafundisha wafanyakazi mchezo huo. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na alikitumia chote.

"Wewe nani?"

"Njoroge, Mwalimu. Natoka Kipkelion."

"Sisikii. Panda jukwaa. Jina, nyumbani, kilo ngapi."

"Lakini mimi ni wa kuosha, Mwalimu."

"Mtu wa kuosha hana jina?"

Nikapanda, nikapaza sauti. Wachumaji waliokuwa wakipita chini ya dirisha na vikapu mgongoni wakacheka. Mwalimu hakucheka. Aliandika jina langu ubaoni kwa chaki, na mbele yake akaweka sifuri.

"Sawa," akasema. "Jina kwanza. Chuma baadaye."

Hivyo ndivyo kazi ilivyofanywa wakati wetu. Hakuna aliyegusa chuma kabla ya kutaja jina lake, nyumbani kwao na uzito aliouomba, na kumwona karani akiyaandika hayo kwenye kadi. Baada ya mwaka mmoja karani huyo nilikuwa mimi. Nilijifunza kukaza vibanio vinavyozuia sahani za chuma zisiteleze. Nilijifunza mkupuo mmoja, chuma kinapotoka sakafuni mpaka juu ya kichwa bila kutua, na mikupuo miwili, kinapopumzika kifuani kwanza. Nilijifunza pia kuangalia magoti kuliko mikono, kwa sababu mikono hudanganya.

Alasiri nyingi mvua ya mawe iligonga mabati tusisikizane. Ikipungua, Mwalimu alituhadithia kwao. Baba yake alikuwa mnyanyuaji mjini Seoul wakati Wajapani wakiitawala Korea, kama Waingereza walivyotutawala sisi. Tangu zamani, alisema, vijiji vyao vilikuwa na jiwe la mviringo, na kijana akiliinua alihesabiwa mtu mzima shambani. Chuma kilipofika, wakaupa mchezo jina la Kikorea, yokdo, yaani njia ya nguvu, wakaushika kama mtu anavyoshika kitu cha mwisho alichobaki nacho. Walikwenda Tokyo wakawashinda wenye nchi. Lakini bendera waliyoibeba kifuani ilikuwa ya Japani. Kisha ikaja amri Wakorea wachukue majina ya Kijapani, na baba yake akaanza kushinda kwa jina ambalo mama yake mzazi hakuweza kulitamka. Vita vilipokolea, vyuma vyenyewe vikachukuliwa vikayeyushwe.

"Baba alirudi kwa jiwe," Mwalimu alisema.

"Hapa hiyo jiwe tunaita gogo ya boila," akasema Kiprono, "na hakuna mtu anatuhesabia utu uzima." Tukacheka mpaka Mwalimu naye akacheka.

Kiprono arap Sigei alikuwa kibarua kutoka Siongiroi, mpasuaji wa kuni za boila za kiwanda. Sijaona tena mgongo kama ule. Alipoinama juu ya chuma ukumbi wote ulinyamaza, na kilipopanda kilipanda kimya kimya kama ukungu unaotoka kwenye majani asubuhi. Lakini mashindano ya mashamba ya chai yalikuwa ya waajiriwa wa kudumu tu.

Mwaka mmoja, mashindano hayo yalipokaribia, Mwalimu alikuwa Nairobi kushughulikia pasi yake. Meneja wa Ustawi, mkubwa aliyesimamia nyumba, zahanati na michezo yetu, akaniita ofisini. Kiprono alikuwa tayari amesimama pale, kofia mkononi.

"Njoroge, kadi ni wewe unaandika, si ndio? Kiprono atainua. Andika Onyango wa boila. Onyango ni permanent na mgongo unamuuma, haendi popote."

"Mwalimu hatakubali, bwana."

"Mwalimu yuko wapi? Kwani chuma inajua jina ya mtu?"

Nikamtazama Kiprono.

"Andika tu, ndugu yangu," akasema. "Bwana Meneja amesema nikishinda nitapewa kazi ya kudumu."

Nikaandika. Siku ya mashindano nikamwita mimi mwenyewe: Onyango, nyumbani Siaya, kilo mia moja na ishirini. Alichelewa kidogo kusimama, kama mtu anayesubiri mwenzake aitwe. Kisha akainua, mikupuo miwili safi, na waamuzi wote watatu wakawasha taa nyeupe. Hakuna aliyewahi kuinua hivyo katika shamba letu.

Kwao Siongiroi mama yake alikuwa ameambiwa mwanawe anakwenda kushindana. Alisimama barabarani na wanawake wenzake, ameshika kibuyu cha mursik, yale maziwa yaliyogandishwa kwa mkaa ambayo Wakipsigis humpokea nayo mshindi. Tangazo la washindi likafika sokoni kabla ya mwanawe.

"Mama," mmoja akamwuliza, "huyu Onyango ulimzaa lini?"

Akarudi nyumbani na kibuyu chake. Kiprono alipofika akakikuta kimezibwa, kimewekwa pembeni, na hakuna aliyekifungua. Kazi ya kudumu hakupewa. Aliyeshinda alikuwa Onyango, na Onyango alikuwa nayo tayari. Hakumaliza mwezi akaondoka.

Mwalimu aliporudi alisoma kadi, akaisoma tena, akakaa kwenye ukingo wa jukwaa. Nilingoja matusi.

"Wajapani wakaondoka," akaanza, taratibu. "Baba akaenda ofisi na medali. Akasema, badilisha, hili si jina langu. Karani akasema kitabu ni cha wale, wameenda nacho. Baba akarudi nyumbani. Unajua alikasirikia nani? Si Mjapani. Yule aliyeandika jina siku ya kwanza. Alikuwa Mkorea. Jirani yetu."

Akanirudishia kadi. Mkataba wake ulipokwisha alinipa mkono bila kunitazama.

Ningeweza kwenda kwa Meneja Mkuu. Kombe lingerudishwa, nami ningefukuzwa, nikiwa na mke na mtoto mchanga katika nyumba ya kampuni. Badala yake nilichovya brashi, nikaliandika jina la Onyango kwenye ubao wa washindi kwa rangi nyeupe. Nilikuwa na mwandiko mzuri.

Nilihamishiwa upande wa Bomet chini ya Afisa wa Michezo aliyependa mpira tu, kisha Roret, kisha nikarudishwa Kericho kuwa mkufunzi wa ukumbi uliokuwa ukipungukiwa na watu. Mashine za kuchuma chai zilikuja na wachumaji wakaenda zao. Ukumbi ukawa stoo ya mbolea. Nilipostaafu waliniuliza ninataka zawadi gani. Nikaomba ule ubao.

Ninyi mnaoanza kazi leo mtanisamehe kwa kuwa sina mafunzo mengi ya kuwapa. Nimechoka, na uchovu wenyewe hautokani na chuma. Chuma ukikiangusha kinabaki sakafuni. Kadi ile nimeibeba miaka arobaini.

Mwezi uliopita niliufunga ubao kwenye gunia, nikaweka kopo la rangi mfukoni, nikaenda Siongiroi. Nilimkuta Kiprono akifunga ndama.

"Chamgei, Njoroge. Umezeeka vibaya."

"Na wewe umenona kama meneja."

Nikafungua gunia. Akausoma ubao akiwa amesimama. Nikatoa rangi.

"Rudisha hiyo," akasema. "Onyango alikufa. Binti yake alikuja huko ukumbi kabla ustaafu, akapiga hiyo ubao picha, ikasomwa kwa mazishi. Wakasema, 'Baba yetu aliinua kilo mia na ishirini.' Nilikuwa hapo. Nilipiga makofi kama wengine. Sasa ukifuta, huyo msichana utamwambia nini?"

Nikarudisha kopo mfukoni. Mama yake Kiprono pia alikuwa amekufa. Tukakaa tukiangalia ng'ombe, na mkewe akatoka jikoni na kibuyu cha mursik kwa ajili ya mgeni.

Hapo nikasimama, magoti yakilia. Nikashusha mikono kando, kama siku ile ya ndoo na brashi.

"Kiprono arap Sigei! Nyumbani, Siongiroi! Kilo mia moja na ishirini!"

Ng'ombe waligeuza vichwa. Kiprono akainuka, akasugua viganja kana kwamba vina chaki, akaenda mpaka katikati ya ua, akasimama wima.

Mkewe alinitazama mimi, akamtazama yeye. Akanipita na kibuyu, mimi mgeni wake, akampelekea mumewe kwanza.