Insha Iliyokosa Methali

Nilimpa kumi na nane kati ya ishirini, na alama hizo zikaninyima usingizi wiki nzima. Kwa vigezo nilivyoandika ubaoni mwenyewe, alizistahili. Shaka yangu ilikuwa nyingine: nilikuwa nimemfundisha binti yule kuandika, au kujificha?

Nilikuwa nimemaliza chuo, nasubiri ajira, na wakati huo nikijitolea kufundisha Kiswahili kidato cha pili kwenye shule moja chini ya milima, upande wa Mlali. Somo lilikuwa sifa za insha bora. Niliziorodhesha: utangulizi, mpangilio, methali, lugha ya kuvutia, hitimisho. Kisha, ili wajifunze kuchambua, nikachomoa insha moja kwenye rundo, nikaficha jina, nikaisoma kwa sauti. Mada ilikuwa "Siku Nisiyoisahau."

"Bibi yangu haongei tunapopanda kwenda shambani," ilianza. "Huongea tukiteremka. Siku ile hakuongea hata tulipoteremka." Mvua ilikuwa imeporomosha shamba lao. Kabichi zilikutwa bondeni, nyingine zimesimama wima kana kwamba zilipandwa huko. Insha ikaishia hapo.

"Imekosa nini?" niliuliza.

Mikono ikajaa hewani.

"Haina methali, mwalimu!"

"Haina utangulizi. Hata tarehe hamna."

"Huyo bibi ni bubu?" mmoja alidakia kutoka nyuma, na darasa zima likacheka. "Watu wa mlimani hao, wanaongea na kabichi!"

Mwenye insha alikaa dawati la tatu, kando ya dirisha. Nilijua ni yeye, maana jina nililificha mimi. Nilijiambia kwamba wao hawajui, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Ndipo na yeye akanyoosha mkono.

"Haina hitimisho, mwalimu," alisema.

"Safi sana," nikamjibu. "Mpigieni makofi."

Wakampigia.

Wiki iliyofuata alileta insha mpya. Ilianza na methali. Jua lilichomoza kwa madaha, ndege wakaimba kwa furaha, na mwishoni tulipewa funzo. Kila kigezo kilikuwemo. Nilitafuta bibi humo ndani, nikatafuta japo mlima mmoja, sikuona. Nikaandika kumi na nane kwa kalamu nyekundu.

Mwalimu mwenzangu, mama mmoja aliyefundisha hapo miaka mingi, alinikuta ofisini nikizisoma zote mbili kwa mara ya sijui ngapi.

"Mdogo wangu, unawaza mno. Mtihani wa taifa hausahihishi bibi za watu."

"Lakini ile ya kwanza ndiyo nzuri, mama."

"Basi kamwambie yeye. Mimi wa nini?"

Hata hilo nililiwaza siku tatu. Nikimsifu mbele ya wenzake, nitamfichua. Nikinyamaza, ataendelea kuandika jua la madaha mpaka azeeke. Nikimwomba radhi, je, mwalimu huomba radhi kwa mwanafunzi? Ijumaa wakati wa mapumziko nilimwita barazani, nje ya darasa, mahali ambapo wenzake wangetuona lakini wasitusikie.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ile insha ya bibi yako, nilikosea. Ni nzuri kuliko zote nilizosahihisha hapa. Nisamehe kwa siku ile."

Alitazama viatu vyake. "Haikuwa na hitimisho."

"Kwani bibi alisema nini mlipofika nyumbani?"

"Hakusema kitu. Alienda kupika. Ndiyo maana nikaishia pale."

Nikamwomba ruhusa niisome tena darasani.

"Usiseme ni yangu."

"Sitasema."

"Na wasicheke."

Hilo sikuweza kumwahidi, nikamwambia hivyo. Akafikiri, halafu akatikisa kichwa kukubali.

Kipindi cha mwisho nilisimama mbele yao. Niliwaambia kwamba insha ile niliwafundisha kuisikiliza vibaya, na kosa ni langu, si la aliyeandika. Wakatazamana. Dawati la tatu sikulitazama. Nikawataka waweke kalamu chini, nikaisoma tena tangu mwanzo, polepole, bila kumruhusu yeyote anyooshe mkono mpaka nilipomaliza.