Binti wa Mwalimu wa Hesabu

Wenzake wa kidato cha kwanza walimbandika jina la Binti Hesabu, kwa kuwa baba yake ndiye aliyewafundisha somo hilo. Walidhani namba zimo damuni mwake, kumbe zilimtoa jasho.

Asubuhi hiyo baba alimsimamisha darasani. "Hasi tatu kutoa hasi saba?"

"Hasi kumi, Mwalimu."

Darasa zima likaangua kicheko. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni mezani, hata hajatia tonge mdomoni, baba akaanza tena. "Hasi tatu kutoa hasi saba?"

"Baba, hapa ni nyumbani."

"Kwani hasi tatu ya nyumbani ni nyingine?"

"Jamani, mwache mtoto ale," mama akadakia.

Binti aliinuka, akajifungia chumbani, akachora mstari wa namba kwa kidole juu ya shuka. Alianzia kwenye hasi tatu. Kutoa hasi ni kwenda kulia, basi akasogea mara saba. Akarudia, maana hakuamini.

"Nne!" akapaza sauti. Sasa angalau angeachwa apumue.

"Safi kabisa, mwanangu!" Baba alikuwa keshafika mlangoni, furaha imemjaa. "Haya, hasi tisa kutoa hasi mbili?"